Pamba Isiyo Pamba: Kijazio cha Majaketi ya Baridi na Tatizo la Kukitaja katika Masoko ya Kitui na Makueni

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza jina la kitu ambacho wengi wetu hukivaa bila kukiona. Katika jaketi nene la baridi, lile ambalo vijana hulipenda kwa sababu limevimba kama mto wa kulalia, mna tabaka tatu: kitambaa cha nje, kitambaa cha ndani, na baina ya viwili hivyo kitu chepesi, cheupe, chenye nyuzinyuzi, ambacho ndicho hasa kinachomtia mvaaji joto. Vitambaa hivyo viwili vina majina. Hicho cha katikati kila anayekigusa hukipa jina lake, na majina hayo hayaafikiani. Aidha, katika miaka ya karibuni kitu hicho kimezidi kutengenezwa kwa chupa za plastiki zilizokwisha kutumika, jambo ambalo limezua swali la pili juu ya lile la kwanza.

Huenda mwanafunzi mwenzangu akauliza: baridi gani hiyo Ukambani? Ni kweli kwamba Kitui na Makueni hujulikana zaidi kwa ukame kuliko kwa baridi, na msomaji aliyezijua kaunti hizi kupitia dirisha la basi la Mombasa atakumbuka mibuyu, vumbi na jua kali. Lakini aliyepata kulala Kilungu au Mbooni mwezi wa Julai, ukungu ukiwa umeketi juu ya vilima hadi saa nne za asubuhi, hatauliza swali hilo. Fauka ya hayo, baridi si ya vilimani tu. Mwendeshaji wa bodaboda anayeondoka Kibwezi alfajiri huupasua upepo kwa kifua chake. Soja hulinda duka la Emali usiku kucha akiwa ameketi juu ya kreti. Mama muuza chai wa Mtito Andei husubiri mabasi yanayofika usiku wa manane. Hawa ndio wavaaji ninaowazungumzia. Wapanda milima na watelezaji theluji wa Ulaya hawamo humu, ingawa huenda jaketi lenyewe lilikuwa lao kabla ya kufungwa katika robota na kupakiwa melini.

Mazungumzo ya Kalundu

Nilikwenda soko la Kalundu, mjini Kitui, nikiwa na jaketi lililopasuka kwapani. Fundi niliyempelekea ni mama wa makamo, mwenye cherehani ya kukanyaga na subira nyingi. Alilipindua jaketi, akaingiza kidole mahali palipopasuka, akavuta kitonge cheupe.

"Habari ya asubuhi, Mwaitu," nilikuwa nimemwamkia. Sasa nikamwuliza, "Hiki kinachotoka ni nini?"

"Ni pamba, mwanangu."

Mzee anayeuza mito na magodoro katika kibanda cha pili alikuwa akisikiliza. "Hiyo si pamba," akasema. "Hiyo ni faiba. Ndiyo tunayotia kwenye mito."

Kijana wa bodaboda aliyekuwa akingojea suruali yake alisema kwamba wao huiita sponji. Fundi akacheka, akakiviringa kile kitonge baina ya vidole viwili. "Mimi nimechuma pamba nikiwa msichana," akasema. "Najua hii si ile. Lakini niiteje?"

Swali hilo ndilo lililonirudisha chuoni na kunifanya niandike. Nalo si swali la fundi peke yake. Nilipoisoma lebo iliyoshonwa ndani ya jaketi lile, niliona maelezo ya kitambaa cha nje, cha ndani na cha katikati yakitolewa kwa Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani, Kihispania na Kichina. Kiswahili hakikuwamo, na kusema kweli sikushangaa. Lebo iliandikiwa mnunuzi wa kwanza. Kilichonishughulisha ni kwamba hata kama ningeombwa kuongeza mstari wa Kiswahili chini ya lugha zile tano, mimi ambaye ni mwanafunzi wa Kiswahili wa mwaka wa tatu, nisingeweza. Ningekwama pale pale alipokwama fundi.

Kinachotia joto

Kabla ya kukitafutia kitu jina yafaa tukijue. Jaketi halitengenezi joto. Joto hutoka katika mwili wa mvaaji, na kazi ya jaketi ni kulichelewesha lisitoroke. Kizuizi chenyewe ni hewa iliyotulia. Hewa hupitisha joto kwa uzito mkubwa, lakini ikiwa huru huzunguka na kulibeba joto kwenda nalo. Kwa hiyo lazima ifungwe katika vijumba vidogo vidogo. Nyuzi za katikati ya jaketi ni kuta za vijumba hivyo. Ndiyo maana jaketi lililobanwa sana, au lililofuliwa vibaya hata nyuzi zake zikashikana vitonge, hupoteza joto lake ingawa hakuna kilichopungua ndani yake isipokuwa hewa. Bata na bata bukini walilijua jambo hili kabla yetu, na manyoya yao ya kifuani yangali yakijazwa katika makoti ya bei ghali kule Ulaya na Marekani. Walakini manyoya hayo yakilowa hulala na kugandamana, na joto huondoka.

Hapo ndipo nyuzi za viwandani zilipopata nafasi. Poliesta ilivumbuliwa Uingereza mwaka 1941 na John Rex Whinfield na James Tennant Dickson, waliokuwa wakifanyia kazi kampuni ya wapiga chapa wa vitambaa huko Manchester. Tofauti yake na pamba yaonekana zaidi penye maji. Pamba katika hali ya kawaida ya hewa hubeba unyevu wa takriban asilimia 8 ya uzito wake. Poliesta hubeba chini ya asilimia 1. Hivyo poliesta ikinyeshewa, maji hukaa baina ya nyuzi bila kuingia ndani yake, na ikikamuliwa hukauka upesi na kuvimba tena. Katika miaka ya 1980 kampuni ya Albany International ya Marekani ilibuni kwa ajili ya jeshi la nchi hiyo kijazio cha nyuzi nyembamba mno za poliesta kilichokusudiwa kuchukua nafasi ya manyoya ya bata. Kijazio hicho baadaye kiliuzwa kwa jina la PrimaLoft.

Chupa za maji na soda ni ndugu wa nyuzi hizo. Plastiki ambayo Nathaniel Wyeth aliipatia hataza ya kutengenezea chupa mwaka 1973 ndiyo ile ile poliesta, ila imepulizwa badala ya kuvutwa kuwa uzi. Kwa sababu hiyo yawezekana kurudi nyuma. Chupa hukusanywa, huchaguliwa kwa rangi, huondolewa vifuniko na karatasi, huoshwa, hukatwakatwa kuwa vipande mfano wa makapi ya mahindi, kisha huyeyushwa kwa joto la nyuzi za selsiasi 260 hivi au zaidi. Uji huo husukumwa kupitia bamba lenye matundu membamba na kutoka upande wa pili ukiwa nyuzi, kama vile tambi zinavyotoka katika mashine ya chapa ya jikoni. Nyuzi hukunjwakunjwa, hukatwa, huchanwa na kutandikwa kuwa shuka nene laini. Mwaka 1993 kampuni ya Patagonia ya Marekani ilianza kuuza nguo za manyoya bandia zilizotengenezwa kwa chupa, na tangu hapo kampuni nyingi zimefuata. Hadi leo sehemu kubwa mno ya poliesta iliyotumika upya duniani hutokana na chupa, si na nguo kuukuu. Jaketi kugeuzwa jaketi jingine ni nadra, maana zipu, vifungo, gundi na mchanganyiko wa nyuzi huifanya kazi hiyo kuwa ngumu na ghali. Safari ya chupa kuingia katika jaketi, kwa hiyo, mara nyingi ni ya kwenda bila kurudi.

Majina tuliyorithi

Tukirejelea msamiati wetu wa mavazi ya baridi tutaona jambo la ajabu kidogo. Kiswahili kilizaliwa pwani, mahali ambapo mtu huhitaji kivuli kuliko koti, na bado kina maneno mengi ya nguo nzito. Kabuti, koti refu zito ambalo kizazi cha babu zetu kililijua kwa askari na walinzi wa usiku, lina udugu na neno capote la Kireno na Kifaransa. Bushuti ni joho la sufu lililotufikia kutoka Uarabuni. Koti, sweta, jaketi na blanketi zilitoka kwa Waingereza. Vijana wa leo wameongeza mavini na boshori kwa kofia za kufuma, maneno ambayo hayajapata kibali cha kamusi nyingi lakini yanaeleweka katika kila kituo cha matatu.

Neno linalonivutia zaidi ni fulana. Asili yake ni jina la Kiingereza la kitambaa laini cha sufu, kitambaa cha baridi hasa. Lilipoingia katika Kiswahili lilishika umbo la vazi na kuiacha mali yake, na leo fulana ni nguo nyepesi ya pamba ambayo mtu huivaa kunapokuwa na joto! Katika darasa la semantiki mfano huu hutolewa kwa nadra, nami naona ni afadhali kuliko mingi tunayokariri. Unatuonyesha tabia moja ya msamiati wetu wa mavazi: hulitaja vazi kwa umbo lake, na hujali kidogo limetengenezwa kwa nini. Ndiyo maana tuna majina ya koti kwa urefu wake, mikono yake na kola yake, ilhali kilichomo ndani yake hakina jina.

Lakini si kweli kwamba Kiswahili hakikuwahi kutaja tabaka za ndani. Kitambaa cha ndani ya vazi kina jina zuri la kale, yaani bitana, lenye asili ya Kiarabu katika mzizi unaohusu tumbo na undani. Mafundi wengi wa bara siku hizi husema laining, na si vibaya kuwakumbusha kwamba bitana ipo, ni fupi, na hutamkika bila taabu. Kwa upande wa vijazio inatupasa tuondoke katika kabati la nguo tuingie chumba cha kulala. Watu wa pwani walijaza mito na magodoro kwa sufi, yaani nyuzi laini zinazofunga mbegu katika vibofu vya mti wa msufi. Sufi si sufu. Sufu ni manyoya ya kondoo. Sufi ni zao la mti. Maneno haya mawili yametofautiana kwa irabu moja tu, na yote mawili yanarejea katika neno la Kiarabu la manyoya ya kondoo, ambalo kwa mujibu wa wataalamu wengi ndilo pia lililowapa jina Masufi, wacha Mungu waliovaa joho la sufu kwa kuikana anasa. Mwalimu wetu mmoja hupenda kusema kwamba mwanafunzi anayechanganya sufu na sufi amemlaza kondoo juu ya mti.

Sufi ina sifa ambazo msomaji atazitambua mara moja. Kila unywele wake ni bomba tupu lililojaa hewa. Umepakwa nta ya kimaumbile inayokataa maji. Hauwezi kusokotwa vizuri kuwa uzi kwa kuwa ni mfupi na utelezi, basi hautumiki kufumia, hutumika kujazia. Kwa sababu ya wepesi wake na kukataa maji, sufi ilijazwa katika majaketi ya kuokolea watu baharini kwa miongo mingi ya karne ya 20, hadi ilipoondolewa na sponji za viwandani. Wahandisi wa poliesta walipotoboa nyuzi zao ziwe na uwazi katikati ili zibebe hewa zaidi, walikuwa wameufikia, kwa njia ndefu, muundo ule ule wa sufi.

Pamba ya Kitui na pamba ya chupa

Turudi kwa fundi wa Kalundu na jibu lake la kwanza. Kuiita poliesta pamba ni upanuzi wa maana wa kawaida kabisa: kitu kipya kimefanana na kitu cha zamani kwa rangi, wepesi na ulaini, basi kimepewa jina lake. Lugha zote hufanya hivyo, na mwanaisimu hana haki ya kumkemea fundi. Hata hivyo, katika kaunti hizi mbili upanuzi huo una uchungu wake.

Kitui na Makueni zimekuwa nchi za pamba. Ni zao linalovumilia ukame kuliko mahindi, na wazee wengi wa sehemu za chini watakwambia kuwa karo ya sekondari ilitoka katika magunia ya pamba. Soko lilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na usimamizi wa serikali kulegezwa, wakulima walicheleweshewa malipo, viwanda vya kuchambua vikakosa mali, na viwanda vikubwa vya nguo vya humu nchini vikafungwa au kudhoofika kimoja baada ya kingine. Wakati huo huo mitumba iliongezeka. Si mitumba peke yake iliyoiua pamba, na anayesema hivyo anarahisisha mno. Bei za dunia, mbegu mbovu na ucheleweshaji wa malipo vilikuwa na sehemu yao. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuiondoa mitumba hatua kwa hatua. Kenya ikajitoa mwaka uliofuata kwa kuhofia kupoteza soko la nguo la Marekani, na Rwanda iliyoshikilia msimamo ilisimamishiwa nafuu ya ushuru wa nguo mwaka 2018. Huko Syongila, Kitui, kiwanda cha nguo cha kaunti, KICOTEC, kilijipatia jina mwaka 2020 kwa kushona barakoa wakati wa janga la korona. Inafaa kukumbuka kuwa barakoa za hospitali hutengenezwa kwa kitambaa cha plastiki kisichofumwa. Hata huko, pamba ilibaki shambani.

Basi katika soko la Kalundu leo neno pamba linaishi, bali limehamia. Linataja uzi wa plastiki uliotoka ng'ambo, nalo limeliacha zao lililolibeba jina hilo kwa vizazi. Mama yule aliyechuma pamba akiwa msichana aliiona kasoro hiyo kabla yangu, na hakuhitaji shahada kuiona.

Kuna sababu nyingine inayonifanya nione kwamba jina hili linapotosha, nayo inahusu usalama. Pamba ikishika moto huungua na kuwa majivu. Poliesta huyeyuka, hudondoka, na matone yake hunata juu ya ngozi. Mtoto aliyevalishwa jaketi nono na kukalishwa karibu na mafiga asubuhi ya Julai, kwa mzazi anayeamini kuwa lile ni vazi la pamba, yumo katika hatari ambayo jina la kitu limeificha. Hali kadhalika kwa upande wa maji: mwendeshaji wa bodaboda aliyeambiwa kuwa jaketi lake ni la pamba atalivua likilowa, maana pamba iliyolowa humzidishia mtu baridi, ilhali lile la poliesta lingemfaa zaidi kama angelikung'uta na kuendelea kulivaa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidi bidhaa kikamilifu, na kifungu cha 7 kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Vifungu hivi viwili vikisomwa pamoja, suala letu linatoka katika mjadala wa wapenda istilahi na kuingia katika haki ya mtu anayenunua koti.

Kufumua na kuyeyusha

Swali la pili lilikuwa la kitenzi. Tumwambieje msomaji kwamba nyuzi hizi zimetokana na chupa zilizokwisha kutumika? Redio na magazeti hutumia kutumia upya, kuchakata upya na, hasa upande wa Tanzania, kurejeleza. Kutumia upya hakutoshi: atiaye mafuta ya taa katika chupa ya soda ameitumia upya bila kuigeuza chochote. Kuchakata ni neno pana linalofaa maziwa, korosho na hata data. Kurejeleza kumeundwa vyema kutokana na rejea, nami ninakukubali, ijapokuwa kwa mwanafunzi anayeandika tasnifu neno hilo limekaa karibu mno na marejeleo na humletea hofu ya tarehe za kuwasilisha.

Hata hivyo, yafaa kwanza tusikilize jinsi kazi yenyewe inavyozungumzwa na wanaoifanya. Wanawake wa Ukambani wamesuka vyondo tangu zamani kwa nyuzi za magome ya miti na kwa katani. Uzi wa dukani ulipopanda bei, wengi waligeukia sweta kuukuu: sweta ya mtumba hununuliwa kwa bei ya chini, hufumuliwa uzi baada ya uzi, huviringwa kuwa donge, na uzi huo wa rangi hutumika kusukia kyondo kipya. Hapa sarufi yetu inang'aa. Kutoka fuma tunapata fumua. Kutoka shona, shonoa. Kutoka kunja, kunjua. Kauli ya kutendua, ambayo vitabu vya kidato huieleza kwa mifano ya mlango na fundo, ndiyo kauli ya kazi hii. Anayefumua harudishi kitu kuwa malighafi ya kiwandani. Anaurudisha mkono nyuma hadi pale ambapo uzi ulikuwa uzi, kisha anaanza tena.

Chupa haifumuliki. Njia yake ni ya moto: huyeyushwa. Kuna na njia ya tatu, ya kuchanachana. Huko Batley, Uingereza, Benjamin Law alianza mwaka 1813 kuchana vitambaa kuukuu vya sufu na kuvisokota upya, na leo mji wa Panipat nchini India unajulikana kwa kazi hiyo hiyo. Mablanketi mazito ya rangi ya majivu ambayo mashirika ya misaada hugawa penye maafa mengi hutoka huko. Kwa hiyo tunazo njia tatu na vitenzi vitatu: kufumua, kuchana, kuyeyusha. Kurejeleza kutaje jumla. Vitenzi hivi vitaje namna. Neno moja la jumla likitumika peke yake humfanya mnunuzi adhani kwamba jaketi lililotokana na chupa na kyondo kilichotokana na sweta vimepita njia moja, ilhali kimoja kilihitaji tanuri na kingine kilihitaji kivuli cha mwembe na mchana mzima.

Lipo pia jambo ambalo neno rejeleza huelekea kulifunika kwa usafi wake. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki kuanzia tarehe 28 Agosti 2017, na chupa hazikuguswa na marufuku hiyo. Chupa iliyogeuzwa jaketi haijaacha kuwa plastiki. Utafiti wa Mark Browne na wenzake uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa vazi moja la nyuzi za viwandani laweza kutoa zaidi ya nyuzi 1,900 katika kufuliwa mara moja, na mashine za kusafishia maji haziwezi kuzinasa zote. Kitui na Makueni nguo nyingi hufuliwa kando ya mito ya mchanga, karibu na vile visima vinavyochimbwa kwa mkono na mabwawa ya mchanga yanayohifadhi maji ya kunywa, mahali ambapo mashine hizo hazipo kabisa. Tena robota linapofunguliwa sokoni na mteule wa kwanza akachukua zile nguo ziitwazo kamera, kinachobaki chini, kilichochanika na kisichouzika, huishia katika shimo la taka na kuchomwa. Ripoti ya shirika la Changing Markets ya mwaka 2023 ilidai kuwa sehemu kubwa ya mitumba inayoingia Kenya ni ya namna hiyo. Wafanyabiashara wa mitumba waliipinga. Mimi siwezi kuamua baina yao, lakini moshi wa nguo zinazochomwa nyuma ya soko hauhitaji ripoti.

Pendekezo na pingamizi zake

Yapo majina manne mezani: pamba, faiba, sponji na sufi. Sponji tuiondoe bila mjadala mrefu, kwa kuwa ni kitu kingine chenye matundu na kisicho na nyuzi, na magodoro ya sponji yanaihitaji. Faiba ina nguvu sokoni, nami siwezi kuipuuza. Mzee wa mito anaitumia kila siku na wateja wake wanamwelewa. Udhaifu wake ni kwamba haisemi ni uzi gani, na sasa neno hilo limechukuliwa na mafundi wa intaneti kwa nyaya zao za kioo. Pamba nimekwisha kuieleza.

Ninapendekeza sufi. Kwa jumla kitu chochote kinachotiwa ndani ya vazi ili kuzuia joto kiitwe kijazio, kutokana na jaza, kwa kufuata kielelezo kile kile kilichotupa kifungio na kifunikio. Kijazio cha poliesta kiitwe sufi sanisi. Neno sanisi wanafunzi wa sekondari wanalijua tayari kutokana na usanisinuru. Ningeliepuka neno bandia, maana hubeba harufu ya udanganyifu, na poliesta haimdanganyi mtu yeyote ikiitwa kwa jina lake.

Niliwasomea wenzangu pendekezo hili katika kikao cha chama chetu, na pingamizi zilikuwa mbili. Ya kwanza ilisema kwamba msufi si mti wa Ukambani, na kwamba ninamlazimisha fundi wa Kitui ajifunze neno la Lamu ili ataje plastiki ya ng'ambo. Pingamizi hii ina uzito. Jibu langu ni kwamba fundi huyo tayari amejifunza faiba, ambayo si ya Lamu wala ya Kitui. Ya pili ilikuwa kwamba sufi na sufu zitaendelea kuchanganywa, na jaketi la poliesta litadhaniwa kuwa la kondoo. Hili sikulijibu vizuri, na hata sasa naona ndilo lililo gumu. Pengine dawa yake ni kutolitumia neno sufi peke yake katika maandishi ya lebo, bali kila mara pamoja na sanisi, na kuwaachia wauzaji walifupishe watakavyo katika mazungumzo.

Niliporudi Kalundu kuchukua jaketi langu, nilikuwa nimeandika kwenye kipande cha kitambaa cheupe, kwa kalamu ya wino usiofutika, maneno haya: Nje, nailoni. Bitana, poliesta. Kijazio, sufi sanisi ya chupa zilizoyeyushwa. Usikaribie moto. Nikamwomba fundi anishonee kitambaa hicho chini ya lebo ya zamani. Alikisoma kwa sauti, polepole, akasimama kwenye neno sufi na kuniuliza maana yake. Nilipomweleza juu ya mti na mito ya pwani alitikisa kichwa, akakiweka kitambaa mahali pake na kuanza kukanyaga cherehani. Kazi hiyo ya ziada hakunitoza.

"Bitana naikumbuka," alisema bila kuinua macho. "Marehemu mama alikuwa akisema hivyo."